Mei ya Ulaya inaanzia Novemba: kuchagua mwezi wa safari ukitokea Arusha au Moshi

Mtu akikuambia anataka kwenda Ulaya "wakati wa masika", muulize kwanza: masika ya nani? Ya kwetu ni mvua. Kuanzia Machi mpaka Mei njia za mbugani zinageuka tope, kambi kadhaa zinafungwa, wapanda mlima wanapungua, na Land Cruiser zinalala uani zikisubiri Juni. Kule miezi hiyohiyo ni majira ya kuchipua: miti iliyokaa mitupu tangu Novemba inatoa majani, mikahawa inatoa viti nje, na mchana unarefuka kwa kasi ambayo sisi wa karibu na ikweta hatujaizoea. Kwa anayeishi kwa utalii, Arusha au Moshi, hiyo ni bahati, kwa sababu likizo yake ya maana inaangukia hapo hapo. Julai na Agosti, wakati dunia nzima iko likizo, yeye yuko Ngorongoro au Machame na wageni.

Basi swali linabaki moja: Machi, Aprili au Mei? Jibu langu ni Mei, kuanzia wiki ya pili. Na sababu yangu ya kwanza haihusu maua wala jua. Inahusu viza.

Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika kundi la nchi nyingi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao, hupokelewa mapema kabisa miezi 6 kabla ya safari, na kwa kuchelewa kabisa siku 15 kabla. Sasa piga hesabu. Anayetaka kuondoka tarehe 10 Aprili, dirisha lake linafunguka tarehe 10 Oktoba, kazi ikiwa bado imepamba moto. Anayetaka kuondoka tarehe 10 Mei, lake linafunguka tarehe 10 Novemba. Novemba ni mvua za vuli, wageni ni wachache, na siku tatu za kushuka Dar es Salaam kutoa alama za vidole zinapatikana bila kumwachia mwenzako safari yako. Tena taarifa ya akaunti ya benki utakayochapisha wiki hiyo inaonyesha Juni hadi Oktoba, yaani msimu mkubwa wote, pesa zikiingia mwezi kwa mwezi. Ukiomba Machi, miezi ya Desemba hadi Februari nayo itaonekana vizuri, lakini utakuwa umejibana: muda wa kawaida wa kushughulikia ombi ni siku 15, ila sheria inawaruhusu kufika hadi siku 45. Ombi la mwishoni mwa Machi likienda siku 45 linakufikisha katikati ya Mei ukiwa bado unasubiri pasipoti.

Hapo kwenye benki ndipo waongozaji wengi wanapojikwaa. Tipu inalipwa kwa dola mkononi, inakaa kwenye droo, halafu wiki moja kabla ya ombi milioni kadhaa zinaingizwa benki kwa mkupuo. Anayesoma taarifa ile haoni akiba, anaona pesa ya kuazima. Dawa yake inaanza Juni: kila ukishuka mlimani au ukirudi kutoka mbugani, peleka sehemu ya tipu benki, hata kama ni kidogo. Kiasi kinachopanda polepole kwa miezi mitano kinaeleza kazi yako vizuri kuliko barua yoyote. Kama umeajiriwa, ongeza barua ya mwajiri yenye tarehe za likizo na tarehe ya kurudi kazini. Kama unajitegemea, beba leseni yako ya uongozaji, namba ya mlipakodi, na barua au mikataba ya kampuni zinazokupa kazi, hasa yenye safari za Juni na Julai zinazofuata. Ile mikataba ya Juni ndiyo inayojibu swali ambalo fomu haiulizi waziwazi: utarudi kwa nini? Cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilivyoandikwa Kiswahili vitafutie tafsiri mapema.

Mengine ni ya kufuata tu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ukinyimwa hairudi. Ombi likipitia kituo cha kupokea maombi, kuna ada ya huduma juu yake. Picha ni milimita 35 kwa 45. Bima ya safari iwe na thamani isiyopungua euro 30,000, ifanye kazi nchi zote za Schengen na ifunike kila siku ya safari, pamoja na siku ya kutua na ya kuondoka. Pasipoti iwe na angalau miezi 3 baada ya siku unayotoka kule, na kurasa mbili tupu. Tiketi ya ndege usiilipe kabla ya viza. Nafasi iliyoshikwa bila malipo inatosha, na hoteli chagua zile zinazoruhusu kufuta bure. Basi la alfajiri kutoka Arusha linaingia Dar jioni, kwa hiyo miadi iwe ya kesho yake asubuhi.

Kosa moja linawarudisha watu wa kaskazini zaidi ya wengine. KLM inaruka kutoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwenda Amsterdam, basi mtu anapeleka ombi kwa Waholanzi kwa sababu ndege inatua kwao. Lakini ombi linakwenda kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Amsterdam siku mbili na Prague siku tano, ombi ni la Czech. Siku zikilingana ndipo inaangaliwa nchi ya kuingilia kwanza. Uingereza na Ireland haziko Schengen, kila moja ina viza yake. Bulgaria na Romania zimeingia kikamilifu tangu tarehe 1 Januari 2025.

Haya, hali ya hewa. Kipimo rahisi kwa mtu wa Arusha ni hiki: Mei ya Paris ni Julai ya Arusha. Mchana nyuzijoto 20 hivi, alfajiri 10 na kitu. Vienna, Prague na Berlin ziko hapohapo, alfajiri baridi kidogo zaidi. Yaani sweta unalovaa mtaani Sakina, Arusha, asubuhi ya Julai ndilo utakalovaa, na jaketi moja juu yake jioni. Mtu wa Moshi mjini, aliyezoea joto, aongeze sweta moja. Aprili ni habari nyingine: Amsterdam mchana nyuzi 14, usiku 5, na upepo wa baharini unaopenya kila tundu. Machi kwa Berlin ni mchana nyuzi 8 au 9 na usiku karibu na 0, miti bado haina kitu, na picha zako zote zitakuwa za kijivu. Anayekwenda Machi aende kusini: Lisbon au Seville, ambako mchana unafika 18 hadi 20.

Lakini wastani hausemi yote, kwa sababu shida ya majira haya ni kuyumba. Wafaransa wana msemo kwamba Aprili usivue hata uzi mmoja, Mei fanya upendavyo. Wahispania hawaamini hata hilo: wanasema usivue koti mpaka tarehe 40 Mei, yaani mpaka Juni 9. Na Wajerumani na Waustria wana siku zao za watakatifu wa barafu, tarehe 11 hadi 15 Mei, ambazo wakulima wa bustani husubiri zipite ndipo wapande nyanya nje. Si kila mwaka baridi hiyo inarudi, ila inatosha kukufanya usiache jaketi nyumbani kwa sababu tu programu ya simu imeonyesha jua.

Mvua yao nayo usiipime kwa yetu. Masika ya Arusha inamwaga, inakatika, jua linatoka. Ya Paris au Amsterdam ni manyunyu yanayoweza kukaa tangu asubuhi mpaka jioni bila kujaza ndoo. Mwamvuli Amsterdam ni kazi bure, upepo unaugeuza nje ndani. Koti la mvua lile lile la mlimani, lenye kofia, ndilo linalofaa. Soko la Memorial pale Moshi linapatikana la mtumba kwa bei ambayo kule haikupi hata kofia. Viatu vya mlima acha. Mitaa ya zamani ya Prague na Roma imetandikwa mawe, kilomita 12 kwa siku ni kawaida, na buti gumu litakuchubua. Raba yenye soli nene, iliyokwishavaliwa wiki tatu, inatosha.

Nyumba zao zina joto la kati, yaani mfumo mmoja unaopasha jengo zima, lakini haliwashwi siku zote. Italia ina sheria ya tarehe za kuwasha na kuzima joto la majengo kwa kanda. Roma na Milan huzima tarehe 15 Aprili. Kwa hiyo chumba cha tarehe 20 Aprili, wiki ya mvua, kinaweza kuwa baridi kuliko cha Machi. Mtu wa Arusha hatashtuka, maana hatujawahi kuwa na hita. Omba blanketi la pili mapokezi, ulale.

Kitu kinachowashangaza watu wetu kuliko baridi ni mwanga. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zao zinasogezwa mbele, na tofauti yetu na Paris, Roma au Berlin inashuka kutoka saa mbili hadi saa moja. Katikati ya Mei jua la Paris na Amsterdam linazama karibu saa tatu na nusu usiku. Kwa sisi ambao saa zetu zinahesabiwa kutoka kuzama na kuchomoza kwa jua, maneno "saa tatu usiku, jua linawaka" yanachekesha mpaka uyaone. Faida yake ni kubwa: siku moja ya Mei ina saa 15 na zaidi za kutembea, wakati ya mwanzo wa Machi inakatika saa 12 na nusu jioni. Hasara yake ni kwamba watu wanasahau kula, wanakuja kushtuka jikoni kumefungwa. Kula kwa saa, usile kwa jua. Kwa Muislamu, Magharibi inaingia saa tatu na nusu na Isha inasogea hadi karibu na usiku wa manane au kuupita, basi ratiba ya kuamka alfajiri kwa treni ipange ukijua hilo. Beba pia kitambaa cha kufunika macho, maana kunakucha mapema.

Sasa sikukuu, ambako hata Mei ina mitego. Chukua mwaka 2027 kama mfano. Pasaka ni tarehe 28 Machi, usiku uleule saa zinapobadilishwa. Kwa Wagiriki Pasaka ni tarehe 2 Mei, kwa hiyo Athens wiki ya kabla yake maduka mengi na ofisi hufuata ratiba nyingine, na feri za visiwani hujaa. Tarehe 27 Aprili, siku moja baada ya Muungano wetu, ni Siku ya Mfalme Uholanzi: Amsterdam inajaa watu wa rangi ya chungwa na vyumba vinapanda sana. Mei Mosi Ufaransa karibu kila kitu kimefungwa, Louvre ikiwamo. Kupaa kwa Bwana ni Alhamisi tarehe 6 Mei, na Wafaransa na Wajerumani wengi hujipa Ijumaa, wakapata siku nne. Treni na hoteli hujaa kuanzia Jumatano jioni. Pentekoste ni tarehe 16, na Jumatatu yake ni mapumziko nchi nyingi. Idd el-Hajj inakadiriwa kuangukia siku hizohizo, kutegemea mwezi, basi familia ya Kiislamu itataka kuwa nyumbani.

Ukizitoa zote hizo, 2027 inakuachia vipande viwili safi: tarehe 10 hadi 14 Mei, na tarehe 18 hadi 28 Mei. Cha pili ndicho kirefu. Kina dosari moja inayojulikana na wachache: shule za Bavaria na Baden-Württemberg hufunga wiki mbili baada ya Pentekoste, na familia zao humiminika kaskazini mwa Italia. Kwa hiyo Venice na Verona ziwekwe kwenye kipande cha kwanza. Paris, Prague au Copenhagen kwenye cha pili. Na tarehe 27 Mei ni sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, Vienna maduka yatafungwa, kama yanavyofungwa kila Jumapili Austria na Ujerumani. Nunua maji na mkate jioni ya kabla.

Kuna miji ambayo Mei inaikosea. Mtu anayekwenda Uholanzi kwa ajili ya tulipu asisubiri: bustani ya Keukenhof pale Lisse hufunguliwa katikati ya Machi na kufungwa kabla ya katikati ya Mei, na mashamba ya nje hukatwa vichwa vya maua mapema zaidi, maana mkulima anauza tunguu la tulipu la kupandia, si ua. Wiki ya pili hadi ya tatu ya Aprili ndiyo yenyewe. Seville pia ni ya Aprili. Mwisho wa Mei joto linaweza kupita 30, ila angalia tarehe za Feria, sherehe kubwa ya mji huo, ambayo kwa kawaida huja wiki mbili hivi baada ya Pasaka na kupandisha bei za vyumba. Milan ya Aprili ina maonyesho makubwa ya samani, wiki hiyo usiikaribie. Stockholm kinyume chake, hata Mei nenda mwisho wa mwezi. Na mwenye pumu au mafua ya vumbi ajue kwamba chavua ya mti uitwao birch huenea Aprili hadi mwanzo wa Mei katika miji ya Ulaya ya kati na kaskazini. Abebe dawa zake za kutosha, pamoja na cheti cha daktari, maana kule duka la dawa halimpi kila kitu bila karatasi.

Gharama. Amsterdam inatoza kodi ya wageni asilimia 12.5 ya bei ya chumba, kwa hiyo chumba cha euro 120 kinaongezeka 15 ambazo mara nyingi hukuziona ulipokuwa unatafuta. Lala Haarlem, dakika 15 hadi 20 kwa treni. Venice, siku maalumu kati ya Aprili na Julai, anayeingia mchana bila kulala analipa euro 5 akilipia mapema na 10 akichelewa kulipia. Anayelala humo halipi, ila anatakiwa kujisajili apate msamaha. Louvre tangu Januari 2026 ni euro 32 kwa sisi tusiotoka eneo la kiuchumi la Ulaya, na Jumanne imefungwa. Nyumba ya Anne Frank inauza tiketi mtandaoni tu, kila Jumanne zinafunguliwa za wiki sita mbele, na huisha haraka. Anayetegemea kufika mlangoni atapiga picha ya mlango. Miji ya ofisi kama Brussels ina vyumba nafuu Ijumaa na Jumamosi, miji ya starehe kama Prague ina vyumba nafuu Jumatatu hadi Alhamisi. Panga mji wa kwanza na wa pili kwa kanuni hiyo tu na utaokoa bila kubadilisha hoteli.

Ndege kutoka KIA una njia kadhaa: KLM kwenda Amsterdam, au Ethiopian kupitia Addis Ababa, Turkish kupitia Istanbul, Qatar kupitia Doha. Ukiunganisha ndege ndani ya Schengen, kwa mfano Amsterdam kisha Prague, kumbuka ukaguzi wa pasipoti unafanyika Amsterdam. Mfumo mpya wa mipakani ulioanza Oktoba 2025 unachukua picha ya uso na alama za vidole kwa anayeingia mara ya kwanza, na foleni ya asubuhi inapokutana na ndege tatu za masafa marefu haina huruma. Acha saa tatu kati ya ndege na ndege.

Viza ikitoka, isome kabla ya kufurahi. Kuna tarehe mbili, na kuna idadi ya siku. Si kitu kimoja. Stika inaweza kusema tarehe 18 Mei hadi tarehe 11 Juni lakini siku 10 tu. Hizo 10 ndizo zako, siku ya kutua ikihesabiwa hata kama umetua saa tano usiku. Tiketi ya kurudi iwe ya siku ya tisa, ndege ikiahirishwa bado una siku moja mkononi.